Jambazi akifukuzwa nchini, anakwenda kwa nani?

"Warudishwe kwao!" Ni maneno mawili tu, lakini utayasikia kila mahali: kijiweni, ndani ya basi, mbele ya televisheni wakati wa taarifa ya habari, na hata kwenye baraza za misikiti yetu baada ya swala. Akikamatwa mgeni mwenye bunduki kule Kigoma, warudishwe kwao. Wakikutwa Wahabeshi ndani ya lori hapa Dodoma, warudishwe kwao. Marekani ikipakia watu kwenye ndege na kutangaza kuwa ni wanachama wa magenge, wapo miongoni mwetu wanaosema laiti na sisi serikali yetu ingekuwa na ukali wa namna hiyo.

Mimi ni mwalimu wa masomo ya dini hapa Gulwe, si mwanasheria wala si askari. Ila jambo hili lina mguu mmoja katika sheria za nchi na mguu mwingine katika fiqh tunayosomesha, na kwa maoni yangu pande zote mbili tunalizungumza kwa haraka mno. Naomba basi, ndugu msomaji, wiki hii tulitazame kwa utulivu. Yapo maswali mawili. Mhalifu akishafukuzwa nchini, anakwenda kwa nani? Na kabla ya hapo, nani amethibitisha kwamba ni mhalifu?

Nianze na fiqh kwa sababu ndiko swali lilikotokea. Tulikuwa katika mlango wa hiraba, yaani uhalifu wa wale wanaojikusanya kwa nguvu, wakateka njia, wakapora na kuua. Kwa lugha yetu ya leo ni genge la majambazi. Wanazuoni wanaijenga hukumu yao juu ya aya ya 33 ya Suratul Maida, ambayo inataja adhabu nne, na ya mwisho katika hizo ni kutolewa katika nchi. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Ustadhi, kumbe hata Qur'ani imesema wafukuzwe! Sasa kelele za haki za binadamu zinatoka wapi?"

Swali zuri, na haliwezi kujibiwa kwa kukaripia. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni nafyu, na mafakihi hawakulielewa kwa namna moja. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 Hijria, alisema makusudio yake ni kufungwa gerezani. Imamu Malik alisema mtu atolewe mji wake, apelekwe mji mwingine, na huko afungwe mpaka ionekane ametubu. Wanazuoni wa Kihanbali wakasema asiachwe atulie mji wowote. Imamu Shafi, ambaye ndiye wengi wetu Afrika Mashariki tunamfuata, alilielekeza neno hilo kwenye kuandamwa na kusakwa mpaka apatikane ahukumiwe. Tazama jinsi walivyopishana. Lakini ukiwasoma vizuri hukuti hata mmoja anayesema mtoe mpakani, mfungulie mlango, halafu ufute mikono.

Hoja ya Wahanafi ndiyo inayonigusa zaidi. Wanasema kama mtu huyu ni hatari kwa watu, ukimtoa hapa ukampeleka mji mwingine wa Waislamu, utakuwa umewapelekea wale madhara yake. Ukimtoa kabisa katika ardhi ya Waislamu, utakuwa umemsukuma akajiunge na maadui. Na ardhi yote huwezi kumtoa, kwa sababu mtu hana pa kukanyaga nje ya ardhi. Basi kilichobaki ni kumzuia. Hoja hii ilijengwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kabla ya pasipoti na kabla ya ndege.

Na wana ushahidi wa kisa. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimtoa Madina mtu mmoja aitwaye Rabia bin Umayya kwa sababu ya ulevi, akapelekwa Khaybar. Mtu yule hakutulia Khaybar. Alitoroka akaenda kwa Hirakli, mfalme wa Warumi, na huko akaritadi. Umar alipopata habari akasema baada ya huyo hatamfukuza tena Mwislamu. Wapo wanaosema kauli ile ilihusu ulevi tu. Hata iwe hivyo, kiongozi aliyekuwa mkali kuliko wengi aliitazama adhabu kwa matokeo yake. Aliuliza imezaa nini.

Sasa tutoke Madina twende Los Angeles, Marekani. Miaka ya 1980 El Salvador ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na maelfu ya familia zilikimbilia huko. Watoto wao walikulia katika mitaa yenye magenge, na ndimo lilimozaliwa genge linaloitwa MS-13. Wengine waliingia katika genge lililowatangulia la Barrio 18. Vita vikaisha mwaka 1992. Mwaka 1996 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyopanua sana orodha ya makosa yanayomfanya mgeni afukuzwe, hata yule aliyekuwa na kibali cha kuishi kihalali kwa miaka mingi. Vijana wakaanza kupakiwa kwenye ndege kwa maelfu. Wengi waliondoka El Salvador wakiwa watoto wadogo, na sasa walikuwa wanashushwa katika nchi wasiyoijua, isiyo na kazi, yenye silaha zilizobaki vitani na polisi mpya ambao hata hawakupewa taarifa ya kutosha kuhusu nani anakuja.

Matokeo yake dunia nzima inayajua. Genge la mitaa michache ya mji mmoja likawa jeshi ndani ya El Salvador, Honduras na Guatemala. Likatoza kodi wauza maduka na madereva wa mabasi. Watu wakakimbia tena, safari hii wakilikimbia genge, na wakakimbilia wapi? Marekani ile ile. El Salvador ilipofika Machi 2022 ilitangaza hali ya hatari, na tangu hapo imekamata watu zaidi ya 80,000, wakiwemo wengi ambao familia zao zinalia kuwa hawana hatia. Mauaji yamepungua sana, hilo ni kweli na lisemwe. Lakini bei yake imelipwa na nchi iliyoletewa tatizo, wakati sheria iliyolihamisha tatizo ilitungwa Washington.

Abu Hanifa asingeshangaa.

Turudi nyumbani. Sisi tunayo Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, ambayo katika mpangilio wa sheria zetu ni Sura ya 54. Kifungu cha 10 kinaeleza nani ni mhamiaji aliyepigwa marufuku, yule ambaye watu wa mjini husema "amepigwa PI". Katika orodha hiyo yumo aliyehukumiwa kifungo kwa kuua au kwa kosa jingine zito. Yumo anayefanya biashara ya dawa za kulevya. Mpaka hapo sina ugomvi. Lakini humo humo, katika kifungu hicho hicho, yumo fukara. Yumo mwenye maradhi ya akili. Na yumo mtu yeyote ambaye Waziri au mkuu wa Uhamiaji ataona tu kwamba kuwepo kwake nchini hakutakiwi.

Naomba msomaji asipite hapo haraka. Muuaji na maskini wamewekwa kwenye benchi moja. Mwenye kosa lililothibitishwa mahakamani na mwenye kosa lililothibitishwa na maoni ya mkubwa wamepewa jina moja. Sheria hii ilifanyiwa marekebisho mwaka 2015, lakini marekebisho yale hayakuliondoa tatizo hili.

Wakati huo huo tunayo sheria nyingine, ya mwaka 1984, ya makosa ya uhujumu uchumi na uhalifu wa kupangwa. Msomaji wa magazeti atakuwa amekutana mara nyingi na shitaka la "kuongoza genge la uhalifu". Shitaka hilo linatoka huko. Ukitaka kumtia mtu hatiani kwa kuongoza genge itabidi ulete mashahidi na vielelezo, uoneshe genge ni lipi, limefanya nini, na yeye nafasi yake ni ipi. Ni kazi ngumu, na mara nyingi upelelezi unakuwa haujakamilika mpaka watu wanachoka. Sasa fikiria ofisa aliyekaa na mgeni anayemshuku. Mbele yake kuna njia mbili. Moja ni ya kesi, inayodai ushahidi. Nyingine ni ya PI, inayodai maoni. Unadhani atachagua ipi?

Na hapa wanapata hasara watu wa aina mbili kwa mpigo mmoja. Asiye na hatia anafukuzwa kama jambazi bila kusikilizwa. Na jambazi wa kweli, ambaye angepata miaka thelathini jela kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, anavushwa mpaka, na wiki ya pili yumo porini tena kwa sababu njia za panya anazijua kuliko aliyemvusha.

Tuliliona hilo mwaka 2013. Mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa ilikuwa na ujambazi wa kutisha. Mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki kupita mapori ya Biharamulo, na abiria walikuwa wanaanza safari kwa shahada. Hakuna mwenye akili atakayedharau mateso yale. Julai mwaka huo Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa siku 14 kwa wanaoishi nchini kinyume cha sheria waondoke, na wenye silaha wazisalimishe. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Majambazi walikamatwa na silaha zikapatikana. Lakini waliovuka mpaka kwa maelfu hawakuwa majambazi. Walikuwa wazee walioingia Karagwe wakiwa vijana, wafugaji, wake wa Watanzania, watoto waliozaliwa hapa wasiojua kijiji cha babu zao kiko wapi. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likaeleza wasiwasi wake. Baba akabaki huku, mama akaenda kule. Operesheni moja ilibeba malengo mawili, kukomesha ujambazi na kuondoa wasio na vibali, na kwa kuwa la pili ni jepesi kuhesabika, ndilo likawa kipimo cha mafanikio. Kichwa cha mama mwenye watoto watatu na kichwa cha mtekaji wa mabasi vikahesabiwa kwenye jedwali moja.

Wenzetu wa Kenya walipita njia hiyo Aprili 2014. Baada ya mashambulizi ya mabomu na risasi, ikaja Operesheni Usalama Watch. Mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi ukazingirwa, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali na Waislamu, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa, na mamia wakapandishwa ndege kwenda Mogadishu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa wauaji alikuwa raia wa Kenya, msomi wa sheria aliyehitimu Chuo Kikuu cha Nairobi. Kasarani isingemnasa huyo hata ingekesha mwaka mzima, kwa sababu alikuwa na kitambulisho.

Wapo watakaosema: mwalimu, wewe unatetea wageni kwa sababu huishi mpakani. Nawajibu kwamba najua ladha ya kufukuzwa si ya wageni peke yao. Sisi wenyewe tumefukuzana ndani ya nchi hii. Mwingereza alikuwa na sheria tangu miaka ya 1920 ya kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya Tanganyika kwenda nyingine, na mwaka 1944 akatunga nyingine ya kuwatoa mijini "wasiotakiwa". Vijana wasio na kazi Dar es Salaam walikusanywa, wakaitwa wahuni, wakarudishwa makwao. Wa bara walirudishwa kwa reli hii hii inayopita Gulwe. Wengi walishuka, wakasalimia wazazi, wakapanda treni ya kurudi. Ile sheria ya kwanza tuliirithi baada ya uhuru, ikaendelea kutumika kuwahamisha washukiwa ambao serikali ilishindwa kuwatia hatiani, mpaka Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alipotamka mwaka 1988 kuwa inakwenda kinyume na Katiba. Kama ni kosa kumhamisha Mkurya kwenda Mtwara kwa sababu tu mkubwa anamshuku, msingi wa haki hiyo haubadiliki sana anapokuwa Mrundi.

Halafu kuna Panya Road. Vijana wale waliotikisa Dar es Salaam, wakiingia mitaani kwa makundi na mapanga, wakavuma sana mwanzoni mwa 2015 na wakarudi kuvuma tena 2022, ni watoto wetu. Wana wazazi Mbagala na Temeke. Hawa tutawarudisha wapi? Kwa kuwa hawana kwao pengine, tunalazimika kufikiri: familia, shule, kazi, polisi, mahakama, jela. Mgeni akifanya kosa lile lile tunajisamehe kufikiri.

Nirejee kwenye Marekani kwa sababu mambo ya mwaka 2025 yametufikia mlangoni. Machi mwaka huo serikali ya nchi hiyo ilitumia sheria ya wakati wa vita ya mwaka 1798 kuwapakia raia wa Venezuela na kuwapeleka katika gereza kubwa la El Salvador, ikisema ni wanachama wa genge la Tren de Aragua. Waliopelekwa gerezani humo walizidi 200. Ilipokuja kuonekana namna walivyotambuliwa, kulikuwa na karatasi ya alama, kama ya mtihani. Michoro mwilini ina alama zake, mavazi yana alama zake, na mtu akifikisha alama 8 basi ni mwanagenge. Wengi wao hawakuwa na rekodi ya kuhukumiwa popote. Aprili Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikasema lazima mtu apewe taarifa na nafasi ya kujitetea kabla ya kuondolewa. Wale waliokwisha kuondolewa walikaa gerezani miezi minne, wakatolewa Julai kwa kubadilishana wafungwa, wakarudi Venezuela.

Alama nane! Mimi nasahihisha mitihani, najua mwanafunzi anavyoweza kufeli kwa haki au kwa mkosaji kuwa ni msahihishaji. Lakini mtihani wangu una rufaa.

Uingereza nako polisi wa London walikuwa na orodha yao ya wanaodhaniwa kuwa wanamagenge, iliyoanzishwa 2012. Ilijaa majina ya vijana weusi, wengine bila kosa lolote la maana, na mwaka 2018 mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ikakuta imevunja sheria. Imefutwa 2024. Angalau sheria yao ya mwaka 2007 ya kuwafukuza wageni wahalifu inaanza na hukumu ya mahakama, kifungo cha miezi 12 au zaidi. Mtu anaweza kuilaumu kwa ukali wake, lakini hakimu anatangulia, ndege inafuata. Tofauti hiyo ya mpangilio ndiyo ninayoizungumzia tangu mwanzo.

Nimesema mambo hayo yametufikia mlangoni. Julai 2025 Marekani iliwashusha wanaume 8 Juba, Sudan Kusini, baada ya kuwaweka wiki kadhaa katika kambi yake ya kijeshi Djibouti. Walikuwa wamehukumiwa kwa makosa mazito, yakiwemo mauaji. Raia wa Sudan Kusini katika hao alikuwa mmoja tu. Wengine walitoka Cuba, Mexico, Vietnam, Laos na Myanmar. Mwezi huo huo watu 5 wakapelekwa Eswatini. Agosti Rwanda ikatangaza kuwa imekubali kupokea hadi watu 250, na Uganda nayo ikaingia makubaliano, ingawa ilisema haitaki wenye rekodi za uhalifu.

Basi wale waliokuwa wanapiga makofi wajue kuwa katika hesabu hii Afrika Mashariki ndiyo "kwao". Ule mji mwingine ambao Wahanafi waliogopa upelekewe madhara ni Juba. Kesho unaweza kuwa wowote.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi kwa sababu limetokea karibu yetu. Juni 2012 nilikuwa bado mwanafunzi. Katika pori la Chitego, wilaya ya Kongwa, jirani zetu kabisa wa Mpwapwa, zilikutwa maiti za watu zaidi ya 40. Walikuwa Waethiopia. Walifungiwa ndani ya lori, wakakosa hewa. Dereva alipogundua, aliwatupa porini wote, wafu na waliokuwa bado hai, akatoweka. Mwezi huo huo, wengine zaidi ya 40 walizama katika Ziwa Nyasa upande wa Malawi. Machi 2020 zikakutwa maiti 64 ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Oktoba 2022 kaburi la pamoja Mzimba, Malawi. Desemba mwaka huo huo maiti 27 zimetupwa pembezoni mwa Lusaka. Njia ni moja: Moyale, Kenya, njia za panya kuingia kwetu, kukatiza bara hadi Tunduma au Kasumulu, na kuendelea hadi Afrika Kusini.

(Na kwa wasiojua, Kongwa hiyo hiyo ndiyo iliyowahifadhi wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO katika miaka ya 1960, watu waliokuja bila vibali na ambao serikali za makwao ziliwaita magaidi. Leo tunawapeleka wageni wetu kuonesha kambi ile kwa fahari.)

Hapa genge lipo kweli. Yupo mwenye mtaji, yupo dalali anayekusanya vijana, yupo mwenye lori, yupo dereva na utingo wake, yupo mwenye nyumba ya kuficha watu, yupo wa bodaboda anayetangulia kuangalia kama kizuizi kimewekwa. Wengi katika hao ni raia, wana vitambulisho vya taifa, na PI haiwahusu. Na nani anaonekana kwenye picha za magazeti, amekaa chini kwenye vumbi mbele ya kituo cha polisi, hana viatu? Ni abiria. Kosa lake halihitaji upelelezi: hana kibali, amekiri, faini au jela. Kesi inakwisha kwa siku moja na takwimu zinapanda.

Umoja wa Mataifa una itifaki ya mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji wa wahamiaji kwa magendo, na Tanzania iliiridhia mwaka 2006. Humo imewekwa wazi kuwa mhamiaji hashitakiwi chini ya itifaki hiyo kwa sababu tu ndiye aliyesafirishwa. Anayewindwa ni msafirishaji. Ni kweli haikuzuia nchi kumshitaki mtu kwa sheria yake ya kuingia bila kibali. Lakini shabaha yake iko wazi, na sisi tumeipindua: tunamwinda aliyebebwa, tunamkosa aliyebeba. Tunayo pia sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, nzuri kuisoma.

Fikiri pia kwa upande wa ushahidi. Manusura wa lori ndiye mtu pekee aliyemwona dalali uso kwa uso. Anajua alilipa kiasi gani na kwa nani. Analijua geti jeusi la nyumba aliyolala siku tatu kabla ya safari, anaikumbuka sauti ya utingo. Katika mlango wa hiraba, wanazuoni wamejadili kwa urefu ushahidi wa wale walioporwa njiani, kwa sababu mara nyingi porini hakuna shahidi mwingine. Sisi shahidi wa namna hiyo tunamvisha nguo za mfungwa, halafu tunampandisha ndege, na genge linapumua.

Sisemi mipaka ifunguliwe. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia na nani anatoka, na mwenye kuteka mabasi aadhibiwe bila huruma ya uongo. Akithibitika ni mgeni na ni jambazi, ahukumiwe hapa, atumikie kifungo hapa, na siku ya kurudishwa ikifika akabidhiwe mikononi mwa serikali ya kwao na jalada lake, siyo kuachwa kwenye jiwe la mpaka usiku. Hilo linamgharimu mlipakodi, najua. Lakini hata askari wanane wa kumsindikiza mpakani kila anaporudi wanagharimu.

Na mlango wa kutubu usisahauliwe. Aya inayofuatia ile ya 33 inawatoa katika hukumu wale waliotubu kabla ya kutiwa nguvuni, na mafakihi wakaeleza kuwa haki za watu walioporwa na kuuliwa zinabaki palepale. Dereva wa lori anayejua mtandao mzima angekuja polisi kama angejua kuna tofauti kati ya anayejileta na anayekamatwa. Kwa sasa anachojua ni kuzima taa na kukimbia porini, kama yule wa Chitego.

Wanasheria wetu wa Kiislamu, ambao siku hizi si haba, nina ombi moja kwao. Wachukue kifungu cha 10, wakae nacho jioni moja, waandike mapendekezo wayapeleke kwa wabunge. Fukara na mgonjwa wa akili watolewe kwenye benchi la wauaji. Anayeitwa mwanagenge aitwe hivyo na hakimu. Na kabla manusura wa lori hajapandishwa ndege, akae na mpelelezi na mkalimani wa Kiamhari, aulizwe geti lile jeusi liko mtaa gani.